Gobore la jana si silaha ya kale

Wengi mipakani hulihesabu gobore kama silaha ya babu, la kufukuzia nguruwe shambani, lisilostahili kesi. Sheria haioni hivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha huziacha kando silaha za kale, ila inasema iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Bomba lililogeuzwa mtutu na mhunzi mwaka jana ni silaha mpya, hata kama hushindiliwa baruti mdomoni kama zile za zama za misafara.

Mazoea haya yana mizizi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika, lakini ukaliachia gumegume na baruti ya kawaida. Wakubwa wa Ulaya hawakuliogopa.

Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka kila silaha ipigwe chapa inapotengenezwa. Gobore la kienyeji halina chapa wala namba. Likikutwa ndani ya lori, hakuna daftari la kiwanda litakaloonyesha limepita mikono ya nani. Wa kuulizwa ni dereva na wenye mizigo.

Hapo ndipo mchuuzi anayechangia lori na wenzake anapobanwa. Magunia ya mahindi hufanana, na orodha ya nani amepakia lipi mara nyingi imo kichwani mwa utingo tu.