Bando Siyo Anasa, Ni Ada ya Pili

Makamanda, kila yakizungumzwa masomo ya mtandaoni utasikia eti wanafunzi hatuyapendi kwa sababu hatuna nidhamu. Mimi nasoma sheria, nimefundishwa kudai ushahidi. Haya, tuuangalie.

Kwanza, bando. Kila bando unalonunua lina ushuru wa bidhaa, na bado VAT. Bumu, kwa anayelipata lote, ni shilingi 10,000 kwa siku: ule humo, ulipe chumba humo. Kwenye mkopo kuna fungu la vitabu, la bando hakuna. Kipindi cha video cha saa mbili kikigongana na chakula cha jioni, unadhani kipi kitaahirishwa?

Pili, mwalimu. Chuo Kikuu Huria kimefundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo umbali peke yake siyo tatizo. Mwalimu anayeacha rekodi, anayejibu maswali na kurudisha kazi ikiwa na maelezo, watu wanaingia. Anayesoma slaidi neno kwa neno, hata ukumbini tunasinzia.

Tatu, hili ndilo hawalisemi: dola. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Hukumu za mahakama tunazozisoma bure TanzLII utazifunguaje hapo? Nidhamu haiwashi mtandao uliozimwa.

Mtaniambia Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha. Ni kweli. Lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Yaani tumeandikiwa haki, halafu tukafungiwa mlango wa kuidai. Ndiyo maana Katiba Mpya siyo hoja ya wazee wa siasa tu. Inakuhusu wewe uliyeshindwa kuingia darasani kwa kukosa bando.

Tudai matatu. Tovuti za vyuo na TanzLII zifunguke bila kukata bando. Mkopo uwe na fungu la intaneti. Sheria ikataze kuzima mtandao bila amri ya mahakama.

Pelekeni haya kwenye serikali za wanafunzi wiki hii, kwa maandishi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yakitekelezwa, ndipo watuulize kama tumeridhika.