Shemeji, Upinde Hauwekwi Mezani

Kuna wanaolalamika kwamba safu hii imekuwa ya mjini mno, eti kila mwezi mapenzi ya Sinza na Mikocheni. Haya, leo twende Bariadi.

Nilikwenda mwezi wa sita kumjulia hali mama mdogo, ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Ukitoka Mwanza, pale Lamadi unakata kulia, unashika lami mpaka Bariadi, na msimu ule kila unakotazama ni pamba: juu ya malori, kwenye mikokoteni ya ng'ombe, mpaka kwenye miba ya kando ya barabara. Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 kuna watu wa Dar waliniuliza huo mkoa uko wapi. Siku hizi wanaonunua pamba wanajua ulipo.

Mama mdogo nilimkuta hajambo, anacheka, anataka kujua naolewa lini (tuyaache hayo). Asiyekuwa sawa ni binti yake. Mdogo wangu huyu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na mikono yake inajulikana mji mzima. Mumewe, yaani shemeji yangu, msimu wa ununuzi anakuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Ana kichwa cha hesabu huyo bwana! Unamtajia kilo na bei, anakupa jumla kabla hujatoa simu mfukoni.

Kichwa hicho hicho ndicho kilichomponza. Alianza na karata za kupoteza muda jioni nyuma ya duka, watu wanne na jamvi, mia mbili mia mbili. Akawa anashinda. Si unajua mtu mwenye kumbukumbu, anahesabu kopa zilizotoka, anajua ree ya shupaza bado iko kwa nani. Baadaye wenzake wakamkimbia, hakuna anayependa kuliwa kila siku na mtu yule yule. Ndipo akagundua poka kwenye simu. Na kwenye simu, jamani, wapinzani hawaishi.

Jioni ya pili nimekaa uani na michembe yangu, shemeji akaja na kigoda na daftari.

"Shemeji, wewe ni mtu wa magazeti, umesoma. Nisaidie kumwelewesha mdogo wako."

Akanieleza mpango. Anataka kuwa mchezaji wa poka wa kulipwa. Aende Nairobi kwenye kasino, aingie kwenye shindano, na akishinda aendelee mbele. Kiingilio ni kwa dola. Nauli anayo nusu. Nusu iliyobaki na kiingilio chote kingetoka kwenye cherehani. Ile ya umeme, ya mdogo wangu, iliyonunuliwa kwa miaka miwili ya sare.

"Ukishaiuza atashonea nini?" nikauliza.

"Nikirudi namnunulia tatu."

Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo, na vyombo vilikuwa vinalia kuliko kawaida.

Sasa msomaji, usimcheke shemeji. Hadithi aliyonisimulia si ya uongo. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Marekani, jina lake kweli kabisa Chris Moneymaker, alilipa dola 86 kwenye shindano dogo la intaneti. Akashinda nafasi ya kuingia shindano kubwa la dunia kule Las Vegas, ambalo kiingilio chake ni dola 10,000. Wachezaji walikuwa 839. Akawamaliza wote, akaondoka na dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, walioingia walikuwa 8,773, kila mmoja akijiona ndiye Moneymaker wa pili. Shemeji yangu wa Bariadi alikuwa amechelewa kufika tu, ila foleni ni ile ile.

Na kuna jambo analosema ambalo ni la kweli pia. "Poka si kamari, ni akili." Kwa sehemu, ndiyo. Si kama zile mashine za kudumbukiza sarafu zilizojaa vibandani, ambazo hata ukiwa profesa zinakula vile vile. Kwenye poka unacheza na binadamu mwenzako. Unasoma uso wake, unapima uwezekano, unajua wakati wa kutupa karata na kunyamaza. Mikono ikiwa maelfu, mwenye akili atamzidi asiye nazo. Tatizo ni hilo neno maelfu. Shindano moja si maelfu. Unaweza kucheza vizuri siku nzima, ukasukuma vyote mezani ukiwa na karata bora, likatoka jani moja la mwisho ukaondoka. Na kwenye shindano ukishaishiwa umeishiwa, kiti chako kinawekwa pembeni.

Nikaomba daftari. Kurasa nne zimejaa kwa mwandiko wa karani, tarehe kushoto, fedha kulia: elfu kumi na mbili, elfu thelathini, siku moja elfu themanini na tano. Chini amepiga mstari na jumla. Ilikuwa nzuri, si utani.

"Ulizoliwa umeandika wapi?"

Akacheka kidogo. "Hizo ni za kujifunzia, shemeji."

Nikacheka na mimi, maana shemeji hayuko peke yake. Orodha za wachezaji wakubwa wa dunia, zile zinazosema fulani ameshinda dola milioni ngapi katika maisha yake ya mashindano, kwa kawaida zinahesabu hivyo hivyo: zawadi tu. Viingilio alivyolipa, hoteli, ndege, mashindano hamsini aliyotoka mikono mitupu, havimo. Mwaka 2023 shindano lile la Las Vegas liliingiza watu 10,043. Waliolipwa chochote ni 1,507. Watu 8,536 walirudi makwao bila kitu, na hakuna gazeti lililowapiga picha.

Halafu kuna siri nyingine ya kazi hiyo. Wachezaji wengi wa kulipwa hawachezi kwa fedha zao. Wanauza hisa za shindano, au wana mfadhili anayelipa kiingilio na kuchukua sehemu ya zawadi. Shemeji alipolisikia hilo akanyamaza, kwa sababu analijua vizuri kuliko mimi. Yeye ndiye anayekaa kwenye mizani mkulima anapoleta pamba, yanakatwa madeni ya pembejeo, na mzee wa watu anahesabu kilichobaki mara mbili akidhani karani amekosea.

Nikamsimulia habari za Stu Ungar. Nakusimulia na wewe, maana wengi humjui. Alizaliwa New York mwaka 1953, na wapo wengi wanaosema hajatokea mchezaji wa karata mwenye kipaji kama chake. Alichukua ubingwa wa dunia wa poka mwaka 1980, akachukua tena mwaka 1981. Kumbukumbu yake ilikuwa ya kutisha. Lakini fedha alizopata mezani alizimwaga kwenye mbio za farasi, kubeti michezo, na kokeini. Ndoa ikavunjika. Mwaka 1997, mwili umechakaa, amevaa miwani ya bluu kuficha pua iliyoharibiwa na unga, rafiki yake Billy Baxter akamlipia kiingilio cha dola 10,000. Mezani akaweka picha ya binti yake. Akashinda! Mara ya tatu, miaka kumi na sita baadaye. Dola milioni moja, wakagawana na Baxter.

"Unaona?" shemeji akaruka.

Subiri. Ndani ya miezi michache fungu lake lilikuwa limekwisha. Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena ili akatetee ubingwa, Ungar hakutoka chumbani. Novemba mwaka huo alikutwa amekufa kwenye chumba cha gesti ya bei rahisi, Las Vegas, ana miaka 45. Inaelezwa alikuwa na dola kama 800. Mazishi marafiki walichanga.

Uani pakawa kimya. Mdogo wangu alikuwa ameacha vyombo, amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Hapo nikaona kwamba hadithi za Wamarekani zinatisha lakini haziingii. Ni mbali. Shemeji alikuwa tayari anajitetea: yeye hatumii unga, yeye habeti farasi, Bariadi farasi wako wapi? Na ni kweli.

Ndipo nikakumbuka kitu cha karibu zaidi, cha mkoa huo huo. Chuoni, nikisomea mawasiliano, tulisomeshwa makala ya mtafiti Mwingereza, James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950. Wahadzabe hawa baadhi yao wako wilaya ya Meatu, upande wa Ziwa Eyasi. Ni ndugu zetu wa Simiyu ingawa tunawasahau. Na wanaume wa Kihadzabe, kwa maelezo ya Woodburn, walikuwa wacheza kamari hodari kuliko shemeji. Walitumia muda mwingi kwenye kamari kuliko kutafuta chakula! Mchezo wao unaitwa lukuchuko. Kila mchezaji ana kipande chake cha gome la mti, na kuna kimoja kikubwa cha wote. Vinarushwa pamoja kwenye shina la mti. Kipande kinacholala sawa na kile kikubwa, vingine vikiwa vimelala kinyume, ndicho mshindi.

Dau ni mali: mishale ya chuma yenye sumu, visu, shoka, shanga, viko vya mawe. Ukishinda sana hawakuachi uondoke, wanakubana ucheze tena mpaka zirudi. Woodburn aliona kwamba hiyo ndiyo njia mojawapo iliyowafanya wasiwe na tajiri na maskini. Mali inazunguka. Kiko cha jiwe la upande mmoja kinafika upande wa pili bila biashara.

Lakini kuna vitu vitatu haviwekwi dau. Upinde wa mtu. Mishale yake ya mbao ya kuwindia ndege. Na mfuko wake wa ngozi. Uwe umeshikwa na mchezo kiasi gani, hivyo havigusi mtu. Mwanamume anaweza kuliwa mchana kutwa mpaka jua lizame, na kesho yake asubuhi ana upinde na anakwenda kuwinda.

Shemeji hakusema kitu. Mdogo wangu ndiye aliyefungua mdomo, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mimi upinde wangu ni ile cherehani," akasema. "Na ada ya watoto. Na mahindi yaliyoko ndani. Hayo mengine, cheza."

Akaingia ndani, akarudi na daftari lake. Mimi sikujua kama lipo. Ni la wateja wake wa sare na la duka wanalokopa unga na sabuni. Akalifungua pembeni ya lile la mumewe. Pale kwa mume pameandikwa elfu themanini na tano, kwake wiki hiyo hiyo amekopa sukari. Akaendelea kufunua. Hakupiga kelele, alikuwa anaonyesha kwa kidole tu, tarehe na tarehe. Mimi nilitaka kuondoka, maana kuna mambo ya mke na mume hata ukiwa mhariri wa ukurasa wa mahusiano hupaswi kuyaona. Sikupata nafasi ya kuinuka.

"Hizi nilikuwa sizijui," shemeji akasema mwishoni.

"Ulikuwa huulizi."

Wengi mtauliza mbona sikumwambia amwache. Sikumwambia kwa sababu hakuniuliza. Yule mwanamume hampigi, halewi, anawabeba watoto mgongoni, na wakikaa pamoja wanacheka. Nimeona ndoa za vikao na maua ambazo hazina robo ya hiyo. Ila pia sikumwambia avumilie. Neno hilo tumelitumia vibaya sana kwa wanawake, na mimi kwenye ukurasa huu nililitumia huko nyuma kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kabla sijaondoka walikubaliana mbele ya mama mdogo. Nairobi asubiri. Fedha ya kuchezea itoke kwenye mshahara wake wa mizani, kiasi kinachojulikana, na kinachopotea kiandikwe kwenye daftari lile lile, ukurasa wa kulia. Shemeji aliichora mistari mwenyewe kwa rula. Karani ni karani.

Wiki iliyopita nimempigia mdogo wangu. Ukurasa wa kulia, anasema, sasa ni mrefu kuliko wa kushoto, na mumewe analalamika kwamba kuandika kunampotezea umakini. Mwezi mmoja aliruka siku tano bila kuandika, wakagombana, akarudia. Nairobi bado anaitaja.

Nikauliza cherehani.

"Ipo kwa mama," akasema. "Naamka nakwenda kushonea kule, jioni naiacha."

Mama mdogo akampokonya simu. Jicho limepona kabisa, anaona vizuri, namshukuru Mungu. Cherehani ameiweka chumbani kwake, upande wa kichwani, na mlango ameongeza komeo.