-NGE- na -NGALI- Si Mamoja

Wako watu, msomaji, na baadhi yao ni walimu, wasemao kwamba -ngali- imezeeka, na kwamba -nge- peke yake yatosha kwa mambo yote. Nayapinga maneno hayo, wala siyapingi kwa kanuni za sarufi tu, bali kwa kahawa.

Huko Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1985 kilitoa aina mpya, Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya buni na kutu ya majani. Sasa pima sentensi mbili. "Mkulima angepanda Ruiru 11, angepunguza gharama ya dawa." Huyu bado ana nafasi, akitaka, msimu ujao atapanda. "Mkulima angalipanda Ruiru 11, angalipunguza gharama ya dawa." Huyu amekwisha chelewa: fedha zimekwenda, na pengine hata shamba limekatwa viwanja vya nyumba, kama tuonavyo kati ya Ruiru na Thika.

Ukidhani huo ni uchambuzi wa bure, nenda katika mkutano wa wakulima. Kiongozi asimama na kusema, "Bei ingekuwa nzuri, tungewalipa." Mzee aliyeketi nyuma asikia tumaini, arudi nyumbani, amwahidi mjukuu wake karo. Kumbe hesabu zilikwisha fungwa mwaka jana! Msema kweli angalisema, "Bei ingalikuwa nzuri, tungaliwalipa," na mzee angalijua siku ile ile kwamba hana budi kutafuta njia nyingine.

Wahispania nao huyatenga mambo haya: husema "tuviera" kwa lisilo kweli sasa, na "hubiera tenido" kwa lililokwisha pita. Tena, kama sisi tulivyo na -ngali- na -ngeli- zenye maana moja, wao wana "tuviera" na "tuviese". Hapo hawagombani, wala sisi hatuna haja ya kugombana.

Nakiri jambo moja. Twafundishwa kwamba viambishi katika sentensi sharti vilingane, na mwanafunzi aandikaye "Ningalisoma, ningekuwa tabibu" hukatwa alama. Lakini kusoma kulikuwa kwa jana, na utabibu ungekuwa wa leo! Mbele ya mtahini, linganisha. Ungeniletea mimi daftari lako, nisingekukata hata alama moja.