Pole ya Tajiri Si Haki

Wananchi wenzetu wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa,

Katika viwanda vyetu vya minofu ya sangara mtu hushinda na kisu mkononi na baridi mwilini. Tuseme mmoja amejikata mishipa ya mkono, vidole havikunji tena. Anarudi na karatasi ya daktari, bandeji bado iko. Tajiri anampokea kwa uso wa huruma: "Pole sana ndugu, nenda ukapumzike nyumbani." Anampa bahasha, anamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Naye anatoka getini akishukuru!

Sisi twasema huko ni kufukuzwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetamka kwamba ulemavu si sababu ya haki ya kumwachisha mtu. Kanuni za mwaka 2007 zamtaka mwajiri achunguze kwanza: maumivu ni ya kiasi gani, na je, iko kazi nyingine aiwezayo? Tena akiwa ameumia katika kazi ya tajiri huyo huyo, juhudi ya kumtafutia nafasi yapaswa kuzidi. Ati kiwanda kizima hakina mlango wa kulindwa, mizani ya kusomwa, wala daftari la kuandikwa?

Liko jambo ambalo matajiri hawapendi litangazwe. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwenye kuthibitisha kwamba mtu aliachishwa kwa haki ni mwajiri, si mfanyakazi. Ndiyo maana bahasha hutolewa upesi. Shauri la kuachishwa isivyo haki hufunguliwa ndani ya siku 30, la ubaguzi ndani ya siku 60. Aliyelala Ukerewe akitafuta nauli ya meli, siku hizo zitampita. Tume yaweza kumwongezea muda akiwa na sababu nzuri, lakini huko ni kuomba, na mfanyakazi ameomba vya kutosha tangu enzi za kipande.

Kibarua asiyetimiza miezi sita hana kinga ya kuachishwa isivyo haki, na hapo pana mlango mpana wa hila. Hata hivyo asinyamaze, kwani shauri la ubaguzi halina kipimo hicho cha miezi.

Kisha iko Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ameagizwa awe na wenye ulemavu asilimia 3. Kiwanda cha watu 200 kiwe nao 6. Tajiri atasema hawapati. Atawakosaje, naye huwatoa getini waliolemaa kwa visu vyake mwenyewe?

Mwaka 1964, Sheria ya Usalama wa Kazi ilimlazimu tajiri kwenda kwanza kwenye kamati ya wafanyakazi. Sheria hiyo imefutwa, lakini matawi ya vyama vya wafanyakazi yapo. Viongozi wake wanangoja nini? Waende kitandani kwa mgonjwa siku ya kwanza, wamwonye asitie sahihi asichokielewa, wamjazie fomu ya Tume na kuifikisha wenyewe. Na wabunge wa Kanda ya Ziwa watujibu: aliyeachishwa akiwa bado anatibiwa, kwa nini siku zake 30 zisianze kuhesabiwa siku daktari amwachapo?