Muziki umehamia kwenye simu, redio isiiache barabara

KATIKA kituo cha malori cha Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, dereva wa trela hana haja tena ya kusubiri mtangazaji ampigie wimbo aupendao. Nyimbo zimo katika simu yake au kwenye flashi. Spotify ilipoingia Kenya mnamo Februari 2021, ilizikuta Boomplay, Mdundo na YouTube tayari zina wafuasi.

Wapo wanaodai kwamba redio imefika ukingoni. Dai hilo lina pupa.

Redio ilianza humu nchini mwaka wa 1928, ikiwahudumia walowezi. Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka wa 2000, kisha Kass FM ikaja na Kikalenjin, wasikilizaji wa Bonde la Ufa hawakufuata nyimbo pekee. Walifuata lugha yao, mijadala na matangazo ya mazishi. Nguvu hiyo ilikuwa na sura mbaya pia: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilivinyoshea kidole vituo vya lugha za kiasili. Kwa heri na kwa shari, kilichowagusa watu ni sauti ya mtangazaji, wala si santuri.

Salgaa yenyewe ni ushahidi. Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 waliangamia katika eneo la Migaa, karibu na hapo, basi lilipogongana na lori. Programu ya muziki haimwonyi msafiri kwamba mbele kuna ajali au ukungu. Redio yaweza kufanya hivyo, tena bila msikilizaji kununua bando.

Hatari ni kwamba vituo vingi hushinda vikicheza nyimbo zilezile zilizo kwenye simu, huku matangazo ya biashara yakihamia mtandaoni. Mapato yakipungua, mwandishi wa mashinani huwa miongoni mwa wa kwanza kuachishwa kazi. Kumwachisha huyo ni kutupa kitu cha pekee ambacho simu haina.

Wamiliki wa vituo wangefaa kuwekeza kwa waandishi walio Salgaa, Molo na Londiani kabla ya kununua mitambo mipya. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Redio ikiwa ya muziki mtupu, siku ya jambo hakutakuwa na anayeisikiliza.