Sahihi ya Mama



Baada ya Misa ya Jumapili moja wawili kati yenu walitufuata uani, wakatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake tayari. Orodha yetu ya filamu zinazofaa kutazamwa na familia nzima inapitisha filamu hii na kuikataa ile. Mizani hiyo tuliipata wapi, na nani alituruhusu kuishika? Walikuwa wakisema juu ya filamu za kuchekesha zinazosimulia maisha ya shule ya sekondari. Ndizo mnazozipenda kuliko zote, na nyingi mmekwisha kuzimaliza katika simu zenu kabla sisi hatujaketi kuzijadili. Swali lilikuwa la haki. Tunalijibu hapa, na katika kulijibu hatuna budi kueleza pia mahali tulipokosea.

Mizani yenyewe ni ya zamani, wala si sisi tulioitengeneza. Mwaka 1936 Papa Pius XI alitoa barua yake juu ya sinema, Vigilanti cura, akawataka maaskofu wawe na ofisi za kuzichunguza filamu na kuwatangazia waamini zipi zinawafaa wote, zipi ni za watu wazima, na zipi hazimfai yeyote. Maaskofu wa Marekani walizipanga kwa herufi, kuanzia A-I kwa filamu ya watu wote hadi O kwa ile inayochukiza maadili. Karatasi tunayoitumia sisi imefuata njia hiyo. Ina safu za matusi, uchi, damu, pombe na dawa za kulevya, na dhihaka juu ya imani. Mtazamaji anatia alama kila anapoliona jambo, na mwishoni tunahesabu. Hatuionei haya kazi hiyo. Mzazi ana haki ya kuambiwa mapema kitu ambacho mtoto wake wa miaka 12 atakutana nacho gizani, na kijana naye ana haki ya kutoviziwa.

Hata hivyo, mnapotuambia kwamba tunawafanya watoto, tunalisikia neno hilo kwa uzito kuliko mnavyodhani. Wakati wa ukoloni serikali ya Wabelgiji ndiyo iliyoamua filamu gani Mwafrika aruhusiwe kuzitazama. Baba wa watoto sita, fundi wa mashine katika Union Minière hapa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa siku zile, alichaguliwa picha za kutazama kana kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa saba. Mapadri wamisionari walijaribu kuziba pengo kwa kutengeneza filamu za kuchekesha zenye watu weusi ndani yake. Zile za Matamata na Pilipili, alizozipiga Padri Albert Van Haelst huko Kasai, wazee wetu walizicheka kwa moyo. Tunaziheshimu. Lakini kucheka kitu ulichochaguliwa na mtu asiyekuuliza si sawa na kucheka kitu ulichokipima mwenyewe. Ndiyo maana tangu mwanzo tulitaka karatasi ijazwe na ninyi pamoja nasi, wala isijazwe ofisini na kubandikwa mlangoni.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Lilitokea kwa filamu iliyokuwa safi kuliko zote.

Filamu hiyo ni Sister Act 2, ya mwaka 1993. Wengi mnaijua: Whoopi Goldberg ni mwimbaji wa majukwaani anayevaa nguo za kitawa bila kuwa mtawa, akaenda kufundisha muziki katika shule ya Kikatoliki ya San Francisco inayokaribia kufungwa. Wanafunzi wake ni wakorofi, wanamcheka, wanamfanyia visa. Polepole wanakuwa kwaya. Kuna shule, kuna masista, kuna nyimbo za sifa, kuna kicheko kisicho na uchafu. Tulipomaliza kuitazama, safu zote za karatasi zilikuwa karibu tupu. Tukaandika: inafaa kwa wote. Tukaionyesha siku ya Jumamosi, jenereta likinguruma nje, na ukumbi ulikuwa umejaa hata madirishani.

Katika filamu hiyo yumo msichana, Rita, aliyeigizwa na Lauryn Hill, mwenye sauti kuliko wenzake wote. Mama yake amemkataza kuimba. Hakatazi kwa ukali mtupu: baba wa Rita alikuwa mwimbaji, aliifuata ndoto hiyo mpaka kifo, na mama aliachwa na mtoto. Kwaya inapotakiwa kusafiri kwenda mashindanoni, kila mwanafunzi lazima alete karatasi ya ruhusa iliyotiwa sahihi na mzazi. Rita anaitia sahihi mwenyewe, kwa jina la mama yake. Anakwenda, anaimba, kwaya inashinda, na mama aliyefika ukumbini anajaa fahari. Ukumbi wetu ulipiga makofi, na sisi tulipiga nao.

Kwenye benchi la mwisho alikuwa ameketi mama mmoja, muuza unga wa mahindi sokoni, aliyekuja kumchukua binti yake asirudi peke yake usiku. Kifaransa cha filamu hakikumfikia, akawa anamwomba kijana wa karibu amfafanulie. Taa zilipowashwa tukauliza, kama ilivyo desturi yetu, nani ana neno. Wakasema wachache juu ya nyimbo. Kisha yule mama akauliza akiwa ameketi: “Wanangu, yule mtoto ameandika jina la mama yake?” Tukamwambia ndiyo. “Na mama hakujua?” Tukasema hakujua. Vijana wawili watatu wakacheka. Naye akasema, bila kupandisha sauti, “Mimi huweka kidole,” akamwita binti yake, wakaondoka.

Tulikaa na neno lile kwa siku nyingi. Katika filamu mama anajua kusoma. Ili kumdanganya, Rita inambidi aige mwandiko wake, tena apande gari akiwa na hofu ya kugunduliwa. Ule ni udanganyifu wenye kazi, na ndiyo sababu tunaweza kuucheka. Hapa kwetu ni wangapi kati yenu huwasomea wazazi wenu buletini zilizoandikwa Kifaransa? Alama zilizo chini ya nusu zimeandikwa kwa wino mwekundu. Mama anauona wekundu, lakini anayemwambia maana yake ni mwana. Anauliza, “Umepita?” Mwana anajibu, “Nimepita.” Mama analowesha kidole katika wino, anakibonyeza mahali anapoonyeshwa. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kughushi kitu. Amekabidhiwa macho ya mama yake. Akiamua kuyatumia vibaya, hakuna prefe wala mwalimu atakayejua, na hakuna wimbo utakaokuja kulilipa jambo hilo jukwaani.

Baadaye baadhi yenu walikuja kutuambia mambo yao. Hayo ni yao, hatutayaandika.

Mmoja wenu, ambaye tunashukuru kwa ujasiri wake, alitubishia kwamba hata Bwana wetu alipokuwa na miaka 12 alibaki Yerusalemu bila ruhusa ya wazazi, nao wakamtafuta siku tatu. Tulicheka, kwa maana hoja ilikuwa nzuri. Kisha tukafungua Luka sura ya pili na kuisoma wote. Maria alipomkuta alimuuliza waziwazi kwa nini amewatenda vile, akamweleza uchungu wao; na Mtoto akamjibu uso kwa uso, jibu ambalo wazazi hawakulielewa. Hakumwambia kwamba alikuwa amepotea njia. Kisha akashuka pamoja nao hadi Nazareti, akawatii. Kijana anaweza kuwa na wito ambao mzazi hauelewi, na huo ndio ukweli wa Rita pia: sauti yake ilikuwa zawadi, na hofu ya mama ilikuwa inaizika. Tofauti iko katika lile swali la mama. Lilipata nafasi ya kuulizwa.

Kwa hiyo hatukuiondoa Sister Act 2 katika orodha. Imebaki, na tunaipenda. Tulichokiondoa ni kiburi chetu cha kudhani kwamba filamu ikikosa matusi na uchi basi imekwisha kupimwa. Karatasi ile ilitengenezwa kwa nyumba nyingine, ambamo baba na mama wanasoma, karo imelipwa, na kukosa shule siku moja ni mchezo. Filamu inapovuka bahari, kicheko chake hutua mahali pengine.

Chukueni Ferris Bueller's Day Off, ya John Hughes, ya mwaka 1986. Kijana wa kitongoji tajiri cha Chicago anajifanya mgonjwa, wazazi wanamwamini, naye anashinda mjini na rafiki zake katika gari la kifahari la baba wa mmoja wao. Ni ya kuchekesha kweli, hatuwezi kukataa. Lakini huku kwetu elimu ya msingi ndiyo iliyotangazwa kuwa bure mwaka 2019, na sekondari bado ni ya kulipia. Dawati likiwa tupu tunauliza kwanza kama minervali imelipwa, na swali la pili ni kama mtoto ameonekana machimboni. Mtoro wa Chicago anarudi jioni akitabasamu. Wa hapa kuna siku harudi.

Tulikataa pia Les Profs, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2013, kwa sababu ya mizaha yake isiyo na adabu. Tukiitazama upya tunaona sababu ile ilikuwa nyepesi. Inasimulia lisee ambayo wanafunzi wake 12 tu kwa mia hufaulu mtihani wa mwisho, ikaamuliwa waletwe walimu wabovu kuliko wote wa nchi ili wautibu ubovu kwa ubovu. Mfaransa anaweza kumcheka mwalimu wake, kwa maana mshahara wa mwalimu huyo umekwisha kuingia. Katika nchi yetu wako walimu wanaofundisha miaka wakingoja tu majina yao yaingie katika orodha ya malipo ya serikali. Mnapomcheka mwalimu mwenye viatu vilivyotoboka, tunaomba mjue ni nani mnayemcheka. Mzaha wa mwalimu mvivu tunauruhusu, tena mwingi.

Iko nyingine, na hapa tunaomba radhi kama tutaonekana kutoka njiani. Back to the Future ya mwaka 1985 mnaijua wote: kijana wa sekondari, gari linalosafiri katika wakati, dansi ya shule ya mwaka 1955. Gari hilo linahitaji plutoni, na mhusika mmoja anatania kwamba huenda katika siku za kijana huyo plutoni inauzwa katika kila duka la dawa. Watu wote hucheka. Plutoni hutengenezwa kutokana na urani, na urani ya mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki Agosti 1945 ilitoka kwa wingi katika mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 2004 serikali iliwafungia wachimbaji mgodi huo. Mwezi wa saba wa mwaka uleule ardhi iliporomoka na kuua watu, na kijiji kikaondolewa. Katika parokia zetu zimo familia zilizotoka pale. Hatutaki kuongeza safu ya plutoni katika karatasi, ingekuwa kichekesho cha pekee. Tunachoomba ni kwamba anayeongoza majadiliano aisimamishe filamu mahali hapo kwa dakika tano, aulize nani anajua jiwe lile lilitoka wapi. Mara ya kwanza tulipouliza, vijana walitaja Urusi. Mmoja alitaja Japani.

Wazazi wengine wametushauri tuache kabisa filamu hizi, tuonyeshe maisha ya watakatifu tu. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Yohane Bosko, alipokuwa bado mwanafunzi huko Chieri, aliwakusanya wenzake katika kikundi alichokiita Chama cha Furaha, na huzuni ilikuwa haina nafasi ndani yake. Wana wake walifika Katanga mwaka 1911, na uwanja wa mpira haukukosekana walipojenga. Tena filamu imekwisha kuingia mfukoni mwa kijana. Tukiifunga ukumbini, ataitazama chini ya blanketi, na hapo hakuna mama wa benchi la mwisho wa kuuliza swali.

Karatasi mpya mtaiona kwenye kikao kijacho. Safu za zamani zimebaki kama zilivyokuwa. Chini yake tumeacha nafasi pana isiyo na mistari, na juu yake maneno machache: anayechekwa ni nani, na kama jambo hili lingetokea mtaani kwetu, nani angelilipia. Vilevile, tangu sasa kila filamu itakuwa na mfasiri wa Kiswahili atakayesimama mbele, mmoja wenu kwa zamu, ili mzazi asiyejua Kifaransa asimbughudhi jirani yake. Tunahitaji majina sita, na mchango wa mafuta ya jenereta kama kawaida.

Tumemwomba yule mama muuza unga aje tena, aketi mbele. Amesema atakuja, mradi tuanze mapema, kwa sababu meza yake sokoni haifungwi kabla ya saa kumi na moja, na binti yake ndiye anayemsaidia kuhesabu.