Mzee akianza kusahau, nani yupo Gatete mpaka ukifungwa?

Mfanyabiashara wa mpakani hupiga hesabu nyingi kabla ya kuondoka: bei ya mawese Rumonge, nauli ya boti, ushuru, faranga zitabadilishwa kwa shilingi ngapi, mzigo utalala bandarini siku ngapi. Hesabu moja huachwa mpaka mambo yaharibike. Ni hesabu ya mzee aliyebaki nyumbani na ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Atakaa na nani, na huyo atakayekaa naye anaiweza kazi hiyo?

Gatete na mwambao wote wa Rumonge huishi kwa mawese, ndagala na mukeke, na kwa safari za Kigoma, Uvira, Baraka na Kalemie. Wanaosafiri ndio haohao wenye wazazi wa miaka 70 na 80. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu, uamuzi na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10.

Ulaya na Marekani, familia yenye uwezo hutembelea nyumba za wazee zenye sehemu maalumu kwa wanaosahau, ikauliza maswali na kutia saini mkataba. Gatete hakuna jengo la namna hiyo. Lakini mtu anayeachiwa mzee yupo, awe mkwe, jirani au yaya wa kuajiriwa, na anafanya kazi ileile ambayo kwingine hufanywa na nyumba nzima yenye wauguzi. Naye anastahili kupimwa kwa maswali yaleyale.

Kwanza hospitali

Kabla ya kutafuta mlezi, familia inahitaji kujua inashughulika na nini. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hafai kusubiri. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au kiharusi. Huyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kusahau kunakokuja polepole, kwa miezi au miaka, nako kunahitaji daktari. Sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa zinaweza kumfanya mtu aonekane ana demensia, na mengi ya hayo yana tiba. Shinikizo la damu, kisukari na usikivu uliopungua navyo huongeza hatari ya demensia yenyewe. Bujumbura kuna Kituo cha magonjwa ya akili na neva cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo. Kutoka Rumonge ni safari ya kilomita 75 hivi, na kwa uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka hii, safari hiyo hupangwa mapema kama inavyopangwa ya mzigo.

Demensia kama ya Alzheimer haina dawa ya kuiponya. Zipo dawa za kupunguza dalili kwa muda. Hata hivyo, kulijua jina la ugonjwa kuna faida kubwa, kwa sababu pasipo jina la ugonjwa huingia jina la uchawi. Usukumani nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake au anayemwita mwanawe mwizi ni mgonjwa. Majirani wakiambiwa hivyo mapema na familia, wao ndio watakaomrudisha nyumbani akipotea.

Nyumba zilizopo ni za wasio na mtu

Si kwamba Afrika Mashariki haina makazi ya wazee. Ng'ambo ya ziwa, serikali ya Tanzania ina makazi ya Kibirizi, Kigoma, moja ya vituo vyake pamoja na Kolandoto cha Shinyanga, Bukumbi cha Mwanza na Nunge cha Dar es Salaam. Rwanda ina nyumba za Impinganzima, zikiwamo za Huye na Rusizi, kwa wazee walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na kubaki bila watoto. Nairobi, mtaa wa Kasarani, masista wa Little Sisters of the Poor wanaendesha Nyumba ya Wazee kwa maskini.

Nyumba hizi zinafanya kazi ya heshima, lakini milango yake hufunguka kwanza kwa asiye na mtu. Mama wa mfanyabiashara wa Gatete hahesabiwi humo. Ana watoto, ana nyumba, pengine ana na shamba la michikichi. Kwenye karatasi ana watu wake, ila watu wake wako kwenye boti.

Jijini Nairobi na viunga vyake zipo pia nyumba za kulipia zinazopokea wenye demensia. Mbali na bei, kuna suala la lugha. Ugonjwa ukizidi, wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Mzee anayebaki na Kirundi tu, akiwekwa mahali ambapo hakuna anayekielewa, hatalala pabaya wala hatakosa chakula, lakini hatakuwa na wa kuzungumza naye.

Ingiza mkono chini ya gunia

Mnunuzi wa ndagala hatazami gunia kwa juu tu. Huingiza mkono mpaka chini. Mlezi, awe ndugu au wa mshahara, naye hapimwi kwa jinsi alivyo siku ambayo mwenye nyumba yupo.

Swali la kwanza ni la usiku. Wengi wenye demensia huanza kuhangaika jua linapotua, na wengine huamka usiku wa manane wakitaka kwenda. Je, kuna mtu mzima anayelala karibu na kusikia mlango? Gatete hili si jambo dogo, kwani barabara kuu ina magari na ziwa halina uzio.

La pili ni kazi nyingine za mlezi. Yaya anayepika, kufua, kuchota maji na kulea watoto wanne hawezi kumlinda na mzee mwenye demensia. Atafanya ambacho wengi waliozidiwa hufanya, yaani kumfungia ndani au kumfunga kamba. Mwenye kumwajiri asimlaumu yeye peke yake, maana hesabu ya kazi iliharibika tangu mwanzo.

La tatu ni namna anavyosema naye. Mzee akiuliza mara ya kumi mumewe aliyefariki yuko wapi, mlezi anabishana, anacheka, au anamtuliza na kumpa kazi ya mikono kama kuchambua mchele? Nusu saa ya kukaa kimya na kusikiliza hutoa jibu ambalo mazungumzo ya mshahara hayawezi kulitoa.

La nne ni dawa, chakula na fedha. Nani anashika vidonge vya shinikizo la damu, na vinaandikwa wapi vikinywewa? Fedha ya matumizi ikitumwa kwa Lumicash, nani mwingine anajua kiasi kilichofika? Daftari la kawaida, kama lile la mikopo ya dukani, linatosha.

La tano ni mapumziko ya mlezi mwenyewe. Asiyepata hata siku moja ya kutoka atachoka, na aliyechoka hupiga kelele kabla hajapiga kwa mkono. Jirani au ndugu wa kumpokea kwa siku moja kila wiki apangwe kabla safari haijaanza, naye alipwe.

Kisha mwenye safari arudi siku moja bila kutoa taarifa, au amtume mtu anayemwamini. Aangalie uzito wa mzee, vidonda vya mgongoni na kiunoni, michubuko, harufu ya nguo, na namna anavyomtazama mlezi anapoingia. Mzee asiyeweza tena kueleza mambo kwa maneno huonyesha hofu yake kwa mwili.

Kumbukumbu, ardhi na kidole gumba

Mwambao huu una uzito wake wa pekee. Vurugu za mwaka 1972 zilianzia huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na zikawatupa maelfu Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo na watoto wao. Wengine walirudi Burundi kudai mashamba yao. Hivyo ziko familia ambazo mzazi yuko upande huu na watoto ni Watanzania.

Demensia huanza kula kumbukumbu za karibuni na kuacha za zamani. Mzee aliyekimbia akiwa kijana, akiamka usiku akifunga mzigo na kusema wanakuja, huenda kwake mwaka ni 1972. Mlezi asiyeijua historia hiyo ataona ukorofi. Kwa hiyo mlezi apewe maisha ya mzee kwa ufupi: alizaliwa wapi, alikimbilia wapi, alimpoteza nani, anapenda nini, anaogopa nini.

Mzee huyohuyo mara nyingi ndiye shahidi wa mpaka wa shamba, katika eneo ambalo migogoro kati ya waliorudi na waliokuta ardhi imedumu miaka mingi. Akili ikififia, kidole gumba chake bado kinaweza kuchovya wino. Karatasi ya mauzo inaweza kutiwa alama mchana ambao mwanawe yuko Kigoma. Njia ya kujikinga ni kushughulikia hati kwenye ofisi ya ardhi ya komini wakati mzee bado anaelewa anachosema, mbele ya watoto wote na mashahidi wa mlimani.

Hapo pana jambo ambalo familia nyingi haziligusi. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi. Mila ndiyo hutumika, na kwa mila binti kwa kawaida harithi ardhi ya baba. Lakini anayemwogesha mzee na kukesha naye mara nyingi ni binti au mkwe. Ulezi unaomtegemea mtu asiye na fungu lolote hauna msingi imara. Ndugu wa kiume wanaotuma salamu kutoka mbali wana deni ambalo linafaa kuhesabiwa kwa fedha, mbele ya wote.

Mpaka ukifungwa

Wafanyabiashara wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa kuwa mipaka hufungwa. Ilifungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Desemba 2025 vita viliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Kila mara kuna aliyekuwa ng'ambo akiwa ameacha nyumba kwa siku tatu.

Mpango wa ulezi unaotosha siku tatu haujakamilika. Unahitaji jina la mtu wa pili mwenye ufunguo, akiba ya chakula na dawa ya mwezi mmoja, na maandishi yanayomruhusu mtu huyo kumpeleka mzee hospitali na kulipa.

Gunia lina karatasi, mzee hana

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka Utaratibu Rahisi wa Biashara: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010 na inazungumzia watu kusafiri na kufanya kazi kwa uhuru. Kuhusu mzee anayemtegemea mfanyakazi huyo, kilichopo kwa vitendo ni kidogo. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii. Uganda hutoa shilingi 25,000 kwa wenye miaka 80 na zaidi. Zanzibar ilianza pensheni kwa wote wenye miaka 70 mwaka 2016. Zote zimefungwa ndani ya mipaka ya kila nchi, na mchuuzi wa soko la Rumonge kwa kawaida hayumo katika pensheni ya waajiriwa ya INSS.

Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, ilianza kutumika Novemba 4, 2024. Inataka makazi ya wazee yawe ya hiari na ya gharama nafuu, na wazee walindwe dhidi ya tuhuma za uchawi. Inazibana nchi zilizoiridhia. Vyama vya wafanyabiashara, ambavyo vimezoea kudai ushuru upunguzwe na foleni zifupishwe, vina sababu ya kuongeza madai mawili: serikali zote za Jumuiya ziridhie itifaki hiyo, na miji ya mwambao kama Rumonge ipate kituo cha mchana ambapo mzee anayesahau atakuwa salama tangu boti linapoondoka mpaka linaporudi.

Kituo hicho kikichelewa, vyama vyenyewe vinaweza kuanza. Vikundi vya kuweka na kukopa tayari vipo sokoni. Kikundi cha watu kumi wenye wazazi wazee kinaweza kulipa walezi wawili waliofundishwa kwenye kituo cha afya, wakapokezana katika nyumba moja. Gharama yake ijulikane na iingizwe kwenye bei ya mawese, kama nauli na ushuru vinavyoingizwa.